UTULIVU WA KIPUNGANI NI WA NANI?

Naomba nafasi nitoe maoni niliyoshindwa kuyatoa siku ile.

Siku ile ni ya mdahalo wa muhula wa pili. Bila shaka mnaukumbuka. Hoja ilikuwa: Hoteli za kitalii zimeiletea Lamu hasara nyingi kuliko faida. Watetezi wakaja na mavazi ya nusu uchi, pombe, na vijana wa ufuoni wanaoacha shule. Wapinzani wakaja na kazi, fedha za kigeni na wageni wanaonunua milango ya nakshi. Wapinzani wakashinda kwa kura tisa, mwalimu akawapongeza, tukaenda zetu nyumbani. Lakini kabla ya kura mwenyekiti alinitazama akasema, "Wewe ni mtu wa Kipungani, hoteli ziko mlangoni kwenu, huna la kusema?" Nikasema sina. Watu wakacheka.

La kusema nilikuwa nalo. Ila nililipima nikaona halikai upande wa watetezi wala wa wapinzani, na katika mdahalo asiye na upande hana kiti.

Kwa faida ya wale ambao kwao kisiwa cha Lamu huishia Shela, Kipungani ni kijiji kilicho upande wa kusini-magharibi wa kisiwa. Juma zima mimi hukaa kwa shangazi yangu Langoni ili niwe karibu na shule. Ijumaa hurudi nyumbani kwa mashua ikipatikana, au kwa miguu, zaidi ya saa tatu nikitembea mchangani na viatu mkononi. Wanaume wetu ni wavuvi na mafundi wa mashua. Wanawake wetu husuka kili za miyaa na kushona mikeka. Wazee hutuambia kuwa jina lenyewe limetokana na kupunga upepo. Yaani hata kabla ya mtu yeyote kujenga hoteli, pale palikuwa pahali pa kupumzikia. Hilo naomba mlishike, maana nitalirudia.

Sasa, pwani ile ya kwetu zimo nyumba za wageni. Si majumba ya ghorofa kama ya Mombasa. Ni mabanda makubwa ya makuti, kila banda peke yake, limetazama bahari, na mgeni analala humo kwa fedha ambazo sitaki kuziandika hapa nisije nikaambiwa naongopa. Mjomba wangu ni mlinzi katika nyumba mojawapo. Jina lake silitaji, wala halina haja, kwa kuwa haya ninayoyasema yangeweza kuwa ya yoyote kati yake.

Mwezi wa tano, kusi linapovuma na masika yakiwa yamepamba moto, wageni hawaji na nyumba zile hufungwa. Mwaka jana wakati kama huo mjomba aliniita. Makuti ya banda moja yalikuwa yamechoka, na fundi alitaka kujua yanavuja wapi kabla hajapanda. Mjomba akaniambia, "Ndoo ulale umu. Mvua ikinya, nambia yavuja wapi." Basi mimi mwenzenu nimelala kwenye hoteli ya kitalii usiku minne. Wengine huenda kwa harusi, wengine kwa fungate. Mimi nilikwenda kutafuta matundu.

Nitawaeleza nilichokiona kwa sababu wengi wenu huzitamani nyumba zile bila kuzijua, na wengine huzilaani bila kuzijua vilevile. Kitanda kilikuwa cha mbao nzito, kipana hata nikajilaza kwa mapana na miguu isifike mwisho. Chandarua kilikuwa cheupe kama sanda, Mungu anisamehe. Ukuta wa mbele haukuwapo. Palikuwa na pazia tu, halafu baraza, halafu mchanga, halafu bahari. Juu, makuti na boriti za mikoko. Chini, mkeka.

Mkeka ule nilipoukanyaga nilisimama. Mamangu akisuka huweka uzi mmoja wa zambarau pembeni, karibu na ukingo, hata kama mkeka wote ni wa rangi nyingine. Hilo ni lake tu. Niliinama nikauona uzi wa zambarau. Nikautambua kama mwalimu anavyotambua mwandiko wa mwanafunzi mtoro. Miyaa ile niliikata mimi mwenyewe, tena siku ile nilikuwa na homa nikanung'unika njia nzima. Nilipomwambia mama baadaye kwamba mkeka wake umelala pahali pa wakubwa, hakushangaa. "Mkeka ni mkeka," alisema. "Ukisha kuuza si wako tena." Fedha aliyopewa kwa mkeka ule, ambao ulimchukua majuma kadhaa, haikununua hata chakula cha mchana cha mgeni mmoja wa banda lile. Najua kwa sababu orodha ya chakula ilikuwa imesahauliwa juu ya meza.

Juu ya meza palikuwa pia na kijitabu chenye picha. Nilikisoma kwa kurunzi. Kilimwambia mgeni kwamba hapa hakuna gari, hakuna televisheni, hakuna kelele, na kwamba usiku atasikia mawimbi na upepo peke yake. Nilicheka peke yangu. Jamani, si ndiyo hayo hayo tunayoyalalamikia kila siku? Hakuna gari, ndiyo, ndiyo maana magunia ya unga yanakuja juu ya punda. Kijijini mtu akipata fedha kidogo jambo la kwanza ni kutoa makuti na kuweka mabati, ili watu wasimwone maskini. Kumbe makuti yale yale mtu hupanda ndege kutoka Ulaya kuja kulala chini yake.

Lakini nisiwe mwongo. Utulivu ule ni mzuri. Usiku wa pili mvua ilikatika, kusi likatulia, nikatoka barazani. Maji yalikuwa yakijaa, na kwenye mikoko ng'ambo palikuwa na ndege mmoja tu aliyekuwa akiita. Nilihisi kitu ambacho nyumbani sikihisi, ingawa nyumbani ni mwendo wa dakika chache kutoka hapo. Nimejiuliza sana kwa nini. Nadhani ni kwa sababu nyumbani ukikaa kimya kuna mtu atakutuma. Pale hakuna aliyenituma. Mgeni analipia hilo: pahali asipotumwa. Simlaumu. Ningekuwa na fedha ningelipa pia.

Usiku wa tatu ndio ulioniharibia.

Mwaka 2020, mwezi wa tatu, Korona ilipoingia Kenya, wageni wote waliondoka. Mashua ya injini ya nyumba ile ikapandishwa nchi kavu ikafunikwa turubai, na injini yake ikapelekwa mjini isije ikaharibika. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Kabla ya hapo mashua ile ilikuwa imewabeba wagonjwa wetu usiku mara mbili ninazozikumbuka mimi, kuwapeleka hospitali ya mjini, bila kudai hata senti ya mafuta. Msimamizi wa wakati huo alikuwa mtu mwema na kijiji kizima kilimwombea dua. Sasa yeye alikuwa ameondoka, na mashua ilikuwa chini ya turubai.

Mama mdogo akashikwa na uchungu usiku. Mkunga wetu akasema hapa hapawezekani, ni mjini. Bahari ilikuwa imekupwa. Mashua yenye injini kijijini ilikuwa moja, nayo ilikuwa imekwama kwenye tope hadi maji yajae. Wakapata mashua ndogo ya tanga, na upepo hakuna. Wanaume wanne wakaisukuma kwa upondo, kandokando ya mikoko, mpaka jua likachomoza wakiwa njiani. Mimi niliachwa ufuoni kushika taa, kana kwamba kuna aliyeihitaji. Nakumbuka jinsi usiku ulivyokuwa umetulia. Hapakuwa na sauti yoyote, ila upondo ukiingia majini na mama mdogo.

Mama mdogo alipona. Mtoto hakupona.

Basi nilipokuwa nimelala juu ya kitanda kile kipana nikisikiliza mawimbi na upepo peke yake, nilifahamu kwamba huu ni usiku ule ule. Haukubadilika. Kitabu kinausifu na kijiji kinauogopa, na tofauti ni moja tu: mgeni ana mashua ya kumtoa. Utulivu ni mtamu kwa anayeweza kuondoka akitaka.

Hapa ndipo ninapoachana na pande zote mbili za mdahalo. Watetezi wanataka nyumba zile zifungwe. Mimi nimeziona zikiwa zimefungwa, na sikuona faida. Mjomba alikaa miezi bila mshahara, mama alikunja mikeka akaiweka darini. Wapinzani nao wanasema tushukuru kwa kazi na kwa mashua. Nashukuru. Lakini mashua ile ilikuwa hisani, na hisani ni ya mwenye kuitoa. Anaweza kuitoa usiku huu, na usiku wa pili akawa hayupo, wala hajavunja ahadi yoyote, kwa kuwa hakuna ahadi. Siwezi kumlaumu mwenye nyumba kwa kuifunika mashua yake mwenyewe. Nawalaumu wakubwa wetu, na samahanini kwa neno hili, kwamba kwa miaka yote hiyo hawakuketi naye wakaandika.

Waandike nini? Kwanza mashua. Kila mgeni anayelala Kipungani akatwe kiasi kidogo, na fedha hiyo iweke mashua ya injini na mafuta yake mikononi mwa kijiji, itiwe nanga pahali penye maji hata bahari ikikupwa. Hoteli ikifungwa mashua ibaki. Hilo kwangu ndilo kubwa, na mkiyasahau mengine yote nitaridhika. La mikeka na bei yake lijadiliwe na akina mama wenyewe, mimi si msukaji. La kazi nitalisema kwa ufupi: vijana wetu hufagia, huchota maji, hulinda. Sijaona kijana wa Kipungani akiketi kwenye ile meza ya hesabu, na baadhi yetu hesabu tunaijua.

Na ufuo. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tukifukuzwa kila tulipocheza mbele ya mabanda, ati tunawasumbua wageni. Tulikimbia kwa sababu tulidhani ni haki yao. Mwalimu wa historia na serikali alipotufundisha Katiba ya mwaka 2010 niliona katika Kifungu cha 62 kwamba ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Basi miaka yote ile tulikuwa tukikimbia juu ya mchanga wetu. Hata hivyo sisemi tuwapigie wageni kelele usiku. Nasema tu kwamba tukinyamaza, tunyamaze kwa kuwa tumeombwa na tumekubali. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji anyamaze.

Rafiki yangu mmoja, msemaji mkuu wa wapinzani, nilimsomea haya akaniambia, "Mkidai namna hiyo wenye hoteli watakimbia." Nilimjibu hivi. Mwezi wa tisa mwaka 2011 mgeni Mwingereza aliuawa Kiwayu na mkewe akatekwa nyara. Mwezi uliofuata mama wa Kifaransa akachukuliwa kutoka Manda. Wageni wakakimbia. Mwaka 2014 watu wengi waliuawa Mpeketoni, kafyu ikawekwa, hata wavuvi wetu wakazuiwa kuvua usiku. Wageni wakakimbia tena. Mwaka 2020 Korona. Mara tatu, na sisi tulikuwa hatujadai hata kamba ya nanga. Kama watakimbia hata tusipodai, basi bora tudai wangali wapo.

Tena jambo lenyewe si geni. Kule Laikipia, kwenye vilima vya Il Ngwesi, Wamaasai walifungua nyumba yao wenyewe ya wageni mwaka 1996. Ardhi ni yao, nyumba ni yao, wanaomkaribisha mgeni ni wao. Hapo hakuna haja ya kungoja hisani, maana mwenye nyumba na mwenye mgonjwa ni mtu mmoja. Zanzibar, katika kisiwa cha Chumbe, ambacho bahari yake ilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1994, kuna mabanda saba tu ya wageni, na fedha za wageni hao husaidia kuwapeleka wanafunzi wa shule kuyaona matumbawe na kujifunza. Nililiposoma hilo niliona wivu. Mimi nimezaliwa kando ya bahari, na mara yangu ya kwanza kuivaa miwani ya kupigia mbizi ilikuwa ni kuijaribu tu, imesahauliwa na mgeni.

Na hapa kwetu Lamu si mnajua habari ya bandari? Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyoipata. Mwaka 2019 leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe ikafutwa, na sababu mojawapo ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Watu waliokwenda kudai hayo ni wavuvi na wazee wa hapa hapa. Ikiwa serikali inaweza kuulizwa maswali, mwenye mabanda naye anaweza kualikwa kikombe cha kahawa akaulizwa.

Wale wa Shela na mjini msidhani haya hayawahusu. Sisi hatuna milima, lakini tunavyo vilima vya mchanga, na mvua inyeshayo juu yake huchujwa ikawa maji matamu ya visima tunavyovitegemea. Mandhari kutoka huko juu ni ya kupendeza, na kila anayejenga nyumba ya starehe angependa kuwa nayo. Utulivu wa mtu aliye juu ya kilima unaweza kuwa kiu ya aliye chini. Lakini hiyo ni makala ya mtu mwingine, naomba mwanachama wa Shela aiandike mwakani.

Usiku wa nne ulinyesha hasa. Nilikesha na kipande cha chaki nikitia alama sakafuni kila lilipoanguka tone, na asubuhi nilimwonyesha mjomba: matundu matatu, moja likiwa juu kabisa ya kitanda. Mkeka wa mama niliukunja mapema nikauweka pahali pakavu. Mjomba aliziangalia alama zangu akasema nimefanya kazi nzuri, halafu nikamwambia habari ya mashua na ya kuandikiana. Alinyamaza muda. Kisha akasema, "Andika wewe. Wewe ndiwe wasoma."

Nimeandika. Ni barua ya kurasa mbili kwa wazee wa kijiji, na mwalimu wetu wa Kiswahili ameisahihisha akatoa makosa kumi na manne, mengi ya herufi kubwa. Itasomwa kijijini likizo ya Desemba baada ya sala ya alasiri. Anayetaka kuisoma kabla ya hapo anitafute Kidato cha Tatu, dawati la nyuma karibu na dirisha. Na mwenyekiti wa mdahalo ningeomba awe wa kwanza.